Kesi Moja, Mahakama Mbili: Jinsi ya Kuisoma Kesi ya Kimathi katika Tamthilia

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, makala haya yanahusu kesi moja iliyosikizwa mara mbili. Mara ya kwanza ilisikizwa mjini Nyeri mwezi wa Novemba 1956, mbele ya Jaji Mkuu wa koloni. Mara ya pili ilisikizwa jijini Nairobi mwezi wa Oktoba 1976, katika jumba la Kenya National Theatre, mbele ya watazamaji. Mshtakiwa ni mmoja, Dedan Kimathi. Shtaka ni moja, kupatikana na bastola. Hata hivyo jaji amebadilika, majibu ya mshtakiwa yamebadilika, na hata swali linaloulizwa mahakamani si lile la awali.

Tamthilia tunayoizungumzia ni The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo. Ilichapishwa mwaka 1976, na tafsiri yake ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi, ikatoka mwaka 1978. Waandishi wote wawili wameshatutoka, Micere mwaka 2023 na Ngũgĩ mwaka 2025, lakini swali walilotuachia bado li hai madarasani: mwandishi anapoichukua kesi ya kweli na kuiweka jukwaani, ana uhuru kiasi gani wa kuibadilisha? Na sisi wasomaji tuyasomeje mabadiliko hayo?

Swali hili lina uzito kwa sababu aghalabu wanafunzi wetu huteleza katika mojawapo ya pande mbili. Wengine huisoma tamthilia kama kitabu cha historia, na ukiwauliza nani alimhukumu Kimathi watakujibu bila kusita kwamba ni Henderson. Wengine huijua historia vizuri, kisha huiona tamthilia kuwa ni uongo mtupu. Makundi yote mawili hayajasoma fasihi. Hebu tuanze na yale yaliyotukia, ndipo tuyatazame yaliyobuniwa.

Yaliyotukia Nyeri

Hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Chini ya kanuni zake, kupatikana na silaha bila idhini lilikuwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Mwanahistoria David Anderson, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2005, alihesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau. Kimathi ni mmoja katika hesabu hiyo, ingawa jina lake ndilo lililovuma kupita yote.

Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 pembezoni mwa msitu wa Nyandarua, upande wa Nyeri, baada ya kupigwa risasi na kujeruhiwa. Kesi yake ilianza tarehe 19 Novemba mbele ya Jaji Mkuu, Sir Kenneth O'Connor, aliyeketi pamoja na wazee watatu wa baraza, wote Waafrika. Tarehe 27 Novemba alihukumiwa kifo. Rufaa zake zilikataliwa, ya mwisho ikikataliwa London, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti na kuzikwa humo humo.

Zingatia jambo moja, msomaji. Mbele ya mahakama ile, swali la kisheria lilikuwa finyu mno: je, mtu huyu alipatikana na bastola na risasi bila idhini? Ardhi haikuwa katika hati ya mashtaka. Uhuru haukuwamo. Sababu zilizowafanya watu waingie msituni hazikuwamo. Kimathi alikuwa na wakili, na yeye mwenyewe alitoa ushahidi. Utetezi wake ulidai kwamba alikuwa akitoka msituni ili ajisalimishe. Mahakama haikukubali maelezo hayo.

Kwa muda mrefu umma haukuweza kuisoma rekodi ya kesi hii. Ilichapishwa mwaka 2017 katika kitabu kilichohaririwa na Julie MacArthur. Kwa hivyo mwalimu wa leo ana nyenzo ambayo walimu wa miaka ya sabini hawakuwa nayo: anaweza kuiweka rekodi ya mahakama upande mmoja na tamthilia upande wa pili, akauliza, ni nini kimeongezwa, ni nini kimeondolewa, na kwa nini?

Kichwa kinachotoa hukumu

Tuanze na anwani, kwa maana mtahini hupenda kuuliza kuhusu ufaafu wa anwani. Kiingereza hutumia neno moja, trial, kwa mambo mawili: kesi ya mahakamani na majaribu yanayompata mtu. Waandishi waliutumia utata huo kwa makusudi. Katika tamthilia yao mna kesi mbele ya jaji, na mna pia majaribu yanayomfika Kimathi akiwa seli. Neno moja la anwani linabeba yote mawili.

Kiswahili hakiturahisishii kazi hiyo. Kesi ni kesi, majaribu ni majaribu. Ukisema Kesi ya Kimathi, umeipata mahakama lakini umeyaacha majaribu ya seli. Ukisema Majaribu ya Kimathi, umepata mateso ya moyo lakini hakimu na kizimba vimetoweka. Anwani ya Kiswahili iliyaacha yote mawili ikachukua njia nyingine: Mzalendo Kimathi.

Tazama athari ya uamuzi huo. Anwani ya Kiingereza inatuingiza mahakamani na kutuacha tungoje hukumu. Anwani ya Kiswahili imekwisha kuitoa hukumu kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza. Serikali ya kikoloni ilimwita gaidi. Anwani inamjibu kwa neno moja, mzalendo. Mtahiniwa anayeulizwa ajadili ufaafu wa anwani hii asiishie kusema kwamba Kimathi alipenda nchi yake. Aonyeshe kwamba anwani yenyewe ni jibu kwa shtaka, na kwamba tamthilia nzima ni mvutano kuhusu jina: ni nani mwenye haki ya kumwita mtu haramia, na ni nani mwenye haki ya kumwita shujaa?

Jaji aliye pia mwindaji

Katika tamthilia, anayeketi katika kiti cha hukumu ni Shaw Henderson. Katika historia, jaji alikuwa O'Connor. Henderson wa historia, yaani Ian Henderson, alikuwa afisa wa polisi aliyeongoza msako wa kumtafuta Kimathi msituni na ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu msako huo. Waandishi wamemwondoa mwindaji msituni wakamvika joho la jaji. Hawakuishia hapo. Mtu huyo huyo huingia seli akijidai rafiki, na ndiye tena anayesimamia mateso.

Je, hili ni kosa la kihistoria? Kama tungekuwa tunasoma historia, naam, lingekuwa kosa, tena kubwa. Lakini waandishi walitahadharisha mapema. Katika utangulizi wao wanaeleza kwamba hawakukusudia kunakili kesi ya Nyeri, ambayo wao waliiona kuwa mzaha wa haki, bali kuisawiri upya kwa ubunifu na kuufasiri utashi wa wakulima na wafanyakazi wa Kenya. Kwa hivyo swali la kifasihi si kama Henderson alikuwa jaji. Swali ni hili: kumweka Henderson katika kiti cha jaji kunatuambia nini?

Kunatuambia kwamba katika mfumo wa kikoloni, jinsi waandishi wanavyouona, anayekuwinda, anayekushtaki, anayekubembeleza, anayekupiga na anayekuhukumu ni mtu mmoja. Mtunzi wa riwaya angeweza kulieleza jambo hili katika kurasa kumi za masimulizi. Mtunzi wa tamthilia hana msimulizi wa kumfafanulia. Ana miili ya waigizaji. Basi akampa mwigizaji mmoja kazi zote. Hii ndiyo kunga ya utanzu wa tamthilia: wazo hugeuzwa kuwa kitu kinachoonekana kwa macho.

Maelekezo ya jukwaani yanaunga mkono jambo hilo. Mahakamani, Waafrika wamebanana upande mmoja juu ya mabenchi makavu, ilhali Wazungu wamestarehe upande wa pili. Kabla jaji hajafungua kinywa, mpangilio wa viti umeshatoa ushahidi. Mwalimu, wahimize wanafunzi wasiyaruke maelekezo ya jukwaani. Mara nyingi maudhui yamelala humo.

Ukimya kizimbani

Tamthilia inapoanza, shtaka linasomwa na Kimathi anatakiwa ajibu: ana hatia au hana? Ananyamaza. Baadaye anapozungumza, hajitetei kuhusu bastola. Anakataa kujibu mashtaka chini ya sheria ambayo watu wake hawakushiriki kuitunga. Jaji anashikilia kwamba sheria ni sheria. Hapo mgogoro mkuu wa tamthilia umewekwa bayana: jaji anataka kumhukumu mtu, mshtakiwa anataka kuihukumu sheria.

Linganisha na Nyeri. Kimathi wa rekodi ya mahakama alizungumza, alihojiwa, alijitetea. Kimathi wa jukwaani ananyamaza, kisha anaikana mahakama. Ukimya wake si udhaifu wa mtu aliyekosa la kusema. Ni silaha, kwa sababu mahakama haiwezi kuendelea vizuri bila mshtakiwa kukubali kwamba ina mamlaka juu yake.

Ili tuone kwamba suala hili linahusu uigizaji wa kesi kwa jumla wala si Kimathi peke yake, tutazame mfano wa mbali kidogo. Mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya tamthilia yetu kutolewa, watu wa Australia walitengenezewa filamu ya televisheni iitwayo The Trial of Ned Kelly. Ned Kelly alikuwa mhalifu wa karne ya kumi na tisa katika jimbo la Victoria, ambalo wakati huo lilikuwa koloni la Uingereza. Baada ya polisi watatu kuuawa mahali paitwapo Stringybark Creek mwezi wa Oktoba 1878, ilitungwa sheria maalumu iliyomfanya haramia kwa maana kamili ya neno hilo: mtu aliyevuliwa ulinzi wa sheria, ambaye yeyote angeweza kumwua. Alikamatwa Glenrowan mwezi wa Juni 1880 akiwa amevaa deraya ya chuma. Kesi yake ilichukua siku mbili tu, tarehe 28 na 29 Oktoba 1880, mbele ya Jaji Redmond Barry, na tarehe 11 Novemba akanyongwa mjini Melbourne.

Kuna jambo katika kesi hiyo linalotufaa sisi wasomaji wa Kimathi. Wakati ule, sheria ya Victoria haikumruhusu mshtakiwa wa kesi kama hiyo kutoa ushahidi wake mwenyewe chini ya kiapo. Kwa hivyo filamu yoyote inayoigiza kesi ya Kelly hukabiliwa na tatizo kubwa la kisanaa: mhusika mkuu yuko kizimbani, macho yote yanamwelekea, lakini yeye haingii katika nafasi ya shahidi. Majibizano makali kati yake na jaji yalitokea baada ya jopo kumpata na hatia, wakati ambapo maneno hayakuweza kumsaidia tena. Katika televisheni, kamera inaweza kuukaribia uso wa mtu aliyenyamaza, tukasoma yaliyo moyoni mwake kwenye macho na midomo. Jukwaani hakuna kamera. Mtazamaji wa kiti cha nyuma hauoni uso vizuri. Ndiyo maana watunzi wa jukwaani hutafuta njia nyingine za kuujaza ukimya: umati unaonung'unika, nyimbo, maigizo bubu ya historia, na kuhama kutoka mahakamani hadi seli na barabarani.

Ukimya wa Kelly ulitokana na sheria. Ukimya wa Kimathi wa tamthilia ulitokana na kalamu ya waandishi. Mtahiniwa akiielewa tofauti hii, ameelewa maana ya mbinu: mbinu ni uamuzi wa mwandishi, na kila uamuzi una sababu.

Majaribu ya seli

Kiini cha tamthilia hakimo mahakamani. Kimo seli. Huko Kimathi anatembelewa mara nne, na kila ziara ni jaribu. Kwanza anakuja Henderson kwa sauti ya urafiki, akimwahidi uhai iwapo atashirikiana naye. Kisha wanakuja wawakilishi wa mabenki na biashara, na ahadi zao za maendeleo na mali. Kisha wanakuja Waafrika wenzake, miongoni mwao mwanasiasa na kasisi, wakimsihi aridhike. Mwishowe Henderson anarudi, mara hii na mateso.

Mpangilio huu una mantiki. Jaribu la kwanza linalenga hofu ya kifo. La pili linalenga tamaa. La tatu ndilo gumu zaidi, kwa kuwa wanaozungumza ni watu wa rangi yake na wa lugha yake, na hoja zao zina sura ya busara. La nne linalenga mwili. Msomaji wa Biblia atakumbuka majaribu ya jangwani, na ulinganifu huo ni halali kuutaja. Lakini usisahau tarehe. Tamthilia iliandikwa miaka kumi na kitu baada ya uhuru. Wanasiasa na wafanyabiashara wanaoingia katika seli ya mwaka 1956 wanazungumza pia na watazamaji wa mwaka 1976. Seli imekuwa mahali ambapo Kenya ya baadaye inakuja kumsihi Kimathi aikubali kabla haijazaliwa.

Wasomaji wa tamthilia ya Kiswahili hawataiona seli hii kuwa ngeni. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, Kinjeketile aliyefungwa na Wajerumani anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa kwa sababu anajua neno lake litawafikia watoto ambao hawajazaliwa. Katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mwelusi anateswa kifungoni naye hatikisiki. Gereza katika tamthilia zetu ni mahali ambapo mhusika hunyang'anywa kila kitu isipokuwa neno moja, kisha huulizwa kama ataliuza neno hilo. Swali la ulinganishi kati ya wahusika hawa watatu ni zoezi zuri kwa kidato cha tatu na cha nne.

Kesi ya tatu: msituni

Ipo kesi nyingine ambayo wanafunzi wengi huipita haraka. Katika onyesho la msituni, Kimathi si mshtakiwa tena. Yeye ndiye mwamuzi. Mbele yake wanaletwa maadui na washukiwa wa usaliti, na miongoni mwa hao yumo nduguye wa damu, Wambararia. Hapa shujaa wetu anasita. Huruma inamshika mkono, na waliopaswa kuadhibiwa wanapata nafasi ya kutoroka.

Waandishi hawakuliweka onyesho hili bure. Kwanza, linatuonyesha mahakama mbadala, yenye sheria iliyotungwa na wanaohukumiwa nayo, na hivyo kujibu hoja ya jaji kwamba sheria ni moja tu. Pili, linampa Kimathi dosari. Bila dosari, mhusika hugeuka sanamu. Ni vyema hapa kuikumbuka Kifo Kisimani tena, ambamo Gege anamwua nduguye Mwelusi kwa kuhadaiwa. Ndugu anayesaliti ni motifu yenye nguvu katika tamthilia za ukombozi kwa sababu inayavunja matumaini kwamba damu inatosha kuwaunganisha watu.

Mkate wenye bastola

Sambamba na matukio ya mahakamani na seli, kuna msuko wa pili unaopita barabarani. Mwanamke mmoja, mpiganaji aliyejificha katika sura ya mwananchi wa kawaida, amebeba mkate. Ndani ya mkate mna bastola. Anawakabidhi jukumu mvulana na msichana waliokuwa wakigombana kwa sababu ya vijisenti. Watatu hawa hawana majina ya kibinafsi.

Tazama ishara hii ilivyofumwa. Kimathi anashtakiwa kwa sababu ya bastola. Wakati jaji anaizungumzia bastola iliyokamatwa, bastola nyingine iko njiani ikielekea mahakamani, imefichwa ndani ya chakula. Mkate na silaha vimekuwa kitu kimoja: njaa ya watu na vita vyao havitenganishwi. Na kwa kuwa wanaoibeba ni vijana wasio na majina, kila kijana anayetazama anaweza kujiweka mahali pao.

Mwishoni, hukumu ya kifo inatolewa. Mvulana na msichana wanasimama mahakamani na bastola yao, mlio wa risasi unasikika, giza linatanda, na giza linapoondoka tunasikia umati ukiimba. Hatuonyeshwi kitanzi. Hatuonyeshwi Kamiti. Historia inaishia kwenye kifo cha mtu. Tamthilia inaishia kwenye wimbo wa watu. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu mwisho wa tamthilia, aseme kwamba kuachwa kwa kifo jukwaani ni sehemu ya maudhui, wala si upungufu wa msuko.

Je, tamthilia imemdhulumu Kimathi wa kweli?

Sasa tufike penye ugumu. Kwa kuwa rekodi ya kesi imechapishwa, mwanafunzi mdadisi anaweza kukuuliza: "Mwalimu, kama Kimathi alisema mahakamani kwamba alikuwa akienda kujisalimisha, mbona tamthilia inamwonyesha akikataa kata kata? Je, tumedanganywa?"

Tusimzime mwanafunzi huyu, wala tusilifiche jambo hili kwa kuogopa kuharibu jina la shujaa. Kuna majibu matatu ya kumpa.

La kwanza: maneno ya mtu anayepigania uhai wake mbele ya mahakama ambayo inaweza kumnyonga ni maneno ya utetezi. Yanaweza kuwa ya kweli, yanaweza kuwa mkakati wa wakili, yanaweza kuwa yote mawili. Rekodi ya mahakama nayo si dirisha safi. Iliandikwa na maafisa wa mahakama, kwa lugha ya mahakama, kwa kufuata maswali ambayo mahakama yenyewe iliyachagua. Nayo pia huhitaji kusomwa kwa makini kama matini nyingine yoyote.

La pili: waandishi hawakuahidi kutupa rekodi. Waliahidi ufasiri, na walisema hivyo waziwazi. Kumlaumu mtunzi kwa kutofanya jambo alilosema hatalifanya ni kutomtendea haki.

La tatu, na hapa ndipo msimamo wangu ulipo: tunapata Kimathi wawili, na hatuhitaji kumchagua mmoja na kumtupa mwingine. Aliyekuwa Nyeri ni mtu aliyejeruhiwa, aliyejaribu kuitumia sheria ya adui ili aishi. Hilo halimpunguzii hadhi hata chembe. Aliye jukwaani ni sauti ya maelfu ambao hawakupewa nafasi ya kusema walichokipigania. Kosa hutokea pale tunapomwomba wa kwanza awe kama wa pili, tukamwona mwoga kwa sababu alijitetea, au tunapomwomba wa pili awe kama wa kwanza, tukaiona tamthilia kuwa uongo kwa sababu ina ubunifu.

Ikumbukwe pia kwamba tamthilia ilipoandikwa, Mau Mau lilikuwa bado kundi lililopigwa marufuku katika sheria za Kenya huru. Marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 2003, na sanamu ya Kimathi ikazinduliwa jijini Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu anyongwe. Kwa zaidi ya robo karne basi, jukwaa lilimwita mzalendo ilhali sheria iliendelea kuliita kundi lake haramu. Huo si mchango mdogo wa fasihi kwa taifa.

Ushauri kwa mtahiniwa

Huenda tamthilia hii haimo katika orodha ya vitabu teule vya mwaka wako. Hata hivyo, njia tuliyoitumia inafaa kwa tamthilia yoyote yenye mizizi katika historia. Kwa ufupi, zingatia haya:

1. Ukiulizwa kuhusu mhusika, jibu kutokana na matini. Usilete sifa ulizozijua kutoka kwa somo la historia ambazo hazijajitokeza katika tamthilia.

2. Unapotaja mbinu, taja na kazi yake. Kusema tu "mwandishi ametumia kinaya" hakutoshi. Onyesha kinaya kiko wapi: mathalani, mahakama inayodai haki huku jaji wake ndiye mtesaji.

3. Katika swali la dondoo, eleza msemaji, msemewa, mahali na sababu ya usemi. Katika tamthilia hii mahali ni muhimu mno. Maneno ya Henderson kizimbani na maneno yake seli si ya mtu mwenye sura moja.

4. Mwandishi akibadilisha jambo la kihistoria, usiishie kulitaja. Uliza: badiliko hili limewezesha kusemwa nini ambacho historia kavu isingekisema?

Maswali ya mazoezi

1. Jadili ufaafu wa anwani Mzalendo Kimathi.

2. "Mshtakiwa halisi katika tamthilia hii ni sheria yenyewe." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea matukio ya mahakamani na ya msituni.

3. Linganisha jinsi gereza lilivyotumiwa katika Kinjeketile na katika tamthilia hii kukuza maudhui ya ukombozi.

4. Eleza umuhimu wa mwanamke, mvulana na msichana katika kuendeleza msuko na maudhui.

5. Andika mazungumzo mafupi ya jukwaani kati ya Kimathi wa rekodi ya mahakama na Kimathi wa tamthilia. Waache waulizane maswali.

Swali la tano halitatokea katika mtihani wa taifa. Lakini mwalimu atakayelitoa darasani atagundua mapema ni wanafunzi gani wameelewa tofauti kati ya kusoma yaliyotukia na kusoma yaliyotungwa.